Altimita mbili ndani ya roketi moja, kila moja na jibu lake

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, huku Colorado, nyuzi joto 32 na jua la kuunguza shingo, tulirusha roketi ya karatasi ngumu ikiwa na altimita mbili ndani, vile vidude vya kusema imepanda mita ngapi. Moja nilinunua dukani, ya pili nimeiunga mwenyewe mezani kwa BMP280, ambayo ni sensa ya presha ya hewa, na Arduino ndogo, ile bodi ya kompyuta unayoiandikia programu mwenyewe, nikaifunga na sponji na utepe wa umeme ikakaa hivohivo. Roketi ikapanda, parashuti ikafunguka, ikatua kwenye majani makavu, mwanangu huyo mbio kuifuata. Ya dukani ikasema mita 167. Ya kwangu ikasema mita 173. Na kuna mzee mmoja pale uwanjani ambae mpaka leo anatumia kile kipimo cha pembe cha kushika mkononi, yeye alikuwa kasimama mita 100 kutoka kwenye pedi, yaani jukwaa la kurushia, akaona digrii 61, akapiga hesabu yake kwenye karatasi akasema mita 180.

"Baba, sa hapo nani muongo?"

Nikamwambia ntakujibu nyumbani, maana kwa kweli sikuwa na jibu la haraka, na nilivyokaa na zile data usiku nikakuta stori ni ndefu kuliko nilivyodhani. Altimita zote mbili zilipima vizuri tu. Ila zote mbili zilikosea urefu, na urefu wenyewe ulikuwa karibu mita 183, namba ambayo hakuna aliyeitaja pale uwanjani.

Kwanza kwa ambae hajawahi kuona huu mchezo. Hizi roketi ndogo za karatasi na mbao laini zilianza na muuza viatu mmoja wa Norfolk, Nebraska, anaitwa Orville Carlisle, mwaka 1954, na wazo lenyewe ni kwamba injini unainunua imeshatengenezwa kiwandani, unaichomeka, inawaka kwa umeme ukiwa umesimama mbali, ikiisha unatupa unaweka nyingine. Injini ina jina kama C6-5. Herufi inakwambia nguvu yote kwa jumla, namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa newton, ya pili ni sekunde za kusubiri baada ya moto kuisha kabla baruti kidogo ya juu haijalipuka kusukuma parashuti nje. Roketi yetu siku hiyo ilikuwa na gramu 108 ikiwa pedini, unene wa milimita 34, injini ndo hiyo hiyo C6-5. Na tafadhali, kabla hatujaenda mbali, usije ukachanganya baruti jikoni kwako kisa umesoma hapa, injini za kujitengenezea zimeshakata watu vidole na zaidi ya vidole.

Sasa turudi kwa altimita. Jina lenyewe linadanganya, kwa sababu hicho kidude hakijui urefu ni nini. Kinachojua ni presha ya hewa, ile ambayo kwenye vitabu vya fizikia vya shule tuliiita kanieneo. Hewa yote iliyo juu ya kichwa chako ina uzito, na presha ni ule mzigo. Ukipanda, sehemu ya mzigo unaiacha chini yako, presha inapungua. Pwani kwenye usawa wa bahari mzigo huo ni kama hPa (hektopaskali) 1013, na ukipanda mita 8 na nusu hivi unapunguza hPa 1. Sensa za siku hizi ni za ajabu, kipande kidogo kuliko punje ya mchele kinaweza kuona tofauti ya sentimita chache, ukiiinua kutoka sakafuni mpaka mezani inajua.

Pale uwanjani kwetu tupo juu, kama mita 1600, kwa hiyo sensa ikiwa pedini ilisoma hPa 835 na kwenye kilele ikasoma hPa 818. Hizo mbili ndo kipimo. Tofauti ya 17, basi, hakuna kingine kilichopimwa. Kila namba ya mita unayoiona baada ya hapo imetoka kwenye hesabu, na hesabu ina mambo inayoyaamini bila kukuuliza.

Fomula inayotumika karibu kila mahali ni hii: urefu = 44330 × (1 − (P/P0)^0.1903). P ni presha ya sasa, P0 ni presha ya mahali unapoanzia kuhesabu. Ndani ya hizo namba 44330 na 0.1903 kumefichwa anga la mfano ambalo wataalamu walikubaliana: kwenye usawa wa bahari kuna nyuzi 15, na kila ukipanda kilomita moja joto linashuka nyuzi 6.5. Anga la mfano halina jua la mwezi wa saba, halina kiangazi, kila siku ni ileile.

Na joto lina kazi kubwa hapa. Hewa ya moto imeumuka kama andazi, unga ni uleule ila umechukua nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo kwenye hewa ya moto inabidi upande mita nyingi zaidi ndo upunguze ile hPa 1. Altimita inayoamini kuna baridi inakuhesabia mita chache kuliko ulizopanda kweli.

Hapo ndo ugomvi wa 167 na 173 ulipotoka. Ile niliyoiunga mimi, programu yake ni ile ambayo kila mtu anaikopi mtandaoni, inachukua presha ya pedini inaiweka kama P0, yaani inajifanya uwanja wetu upo Coco Beach, ufukweni Dar. Ikishaamini hivyo basi inaamini pia kwamba pedini kuna nyuzi 15. Piga 818 gawanya kwa 835, weka kwenye fomula, unapata mita 173. Ya dukani inafanya tofauti, yenyewe P0 ni 1013.25 siku zote, inahesabu urefu wa pedi kutoka baharini, inahesabu urefu wa kilele kutoka baharini, halafu inatoa. Hiyo inaamini tupo mita 1600 na inaamini kwamba kwa mita 1600 joto lazima liwe nyuzi 4.6. Nyuzi 4.6! Na sisi tulikuwa tunamwagiwa jasho. Jibu lake likawa mita 167.

Kurekebisha ni rahisi mpaka unaona aibu. Unachukua joto la kweli kwa Kelvin, yaani nyuzi za kawaida ukijumlisha 273, unagawanya kwa joto ambalo altimita iliamini, unazidisha. Ya kwangu: 305 gawanya kwa 288 ni 1.059, mara 173 ni 183. Ya dukani: 305 gawanya kwa 277.6 ni karibu 1.099, mara 167 ni 183 na ushee. Nilivyoona zimekutana pale usiku nilicheka peke yangu mezani, mke wangu akaniangalia tu akaendelea na simu yake.

Kwa walioko nyumbani hii si hesabu ya Wazungu wa mlimani tu. Kule Juja, Kenya, wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wenye mradi wa roketi wa Nakuja wapo kama mita 1500 juu ya bahari, siku ya nyuzi 26 altimita ya aina ile ya dukani itawapunja asilimia 7 hivi. Dar mambo ni mepesi kidogo kwa sababu upo baharini kweli, njia zote mbili zinatoa jibu moja, ila siku ya nyuzi 31 bado unapunjwa asilimia 5 hivi. Ukirusha mita 300 ni kama jengo zima la ghorofa tano limepotea hesabuni.

Mtu atauliza, sasa mbona mashindano yanatumia hizihizi? Kuna mashindano ya wanafunzi hapa Marekani, American Rocketry Challenge, yapo tangu 2003, timu inabeba yai bichi inatakiwa kufika urefu fulani wa futi na kurudi kwa muda fulani bila yai kupasuka, na kila futi moja ya kukosea ni pointi moja ya adhabu. Wanatumia namba ya altimita kama ilivyo, hakuna anayerekebisha joto. Na kwa mashindano sioni tatizo, kwa sababu siku moja uwanja mmoja kila mtu anapunjwa kwa kiwango kilekile. Tatizo ni la timu iliyofanya mazoezi kwenye baridi ya mwezi wa pili halafu fainali ni Virginia mwezi wa tano, wanafika wanashangaa roketi imebadilika tabia, kumbe hewa imekuwa nyepesi na altimita nayo imebadilisha kidogo maana ya mita.

Haya, hiyo ni namba moja ya kilele. Watu wengi wanaishia hapo, wanasikiliza altimita ikilia milio ya kuhesabu namba, wanaandika, wanafungasha. Mimi kwa maoni yangu ile namba ndo kitu cha bei rahisi zaidi kilichomo mle ndani, utamu upo kwenye mstari mzima wa mruko.

Altimita nyingi zinachukua vipimo kama 20 kila sekunde. Hazianzi kuandika ukiwasha, maana unaweza kukaa pedini nusu saa unabishana na nyaya, zinazunguka tu kwenye kumbukumbu zikifuta za zamani na kuweka mpya, mpaka zione presha imeshuka kwa haraka kiasi fulani ndo zinajua tumeondoka, zinahifadhi na zile sekunde chache za nyuma. Ndo maana ukiishika roketi ukaipuliza au upepo mkali ukapiga kwenye tundu, nyingine zinadanganyika zinadhani zimeruka. Jua nalo likiimulika sensa moja kwa moja linaiharibia kipimo, kwa hiyo kile kisponji cheusi unachokiona juu ya sensa hakijawekwa kwa urembo.

Ukijiungia mwenyewe kuna mtego ambao ulinikamata vizuri. Nilikuwa naandika data kwenye kadi ya microSD moja kwa moja, kila kipimo kikitoka nakituma. Kadi zina tabia, kila baada ya muda zinasimama kupanga mambo yao ya ndani, sehemu ndogo ya sekunde tu, ila kwenye roketi hiyo ni muda mrefu. Nikafungua faili nikakuta pengo la sekunde 0.2 palepale injini inapowaka, sehemu tamu kuliko zote hakuna kitu. Siku hizi naweka kila kitu kwenye kumbukumbu ya ndani kwanza, ikishatua ndo inaandika kwenye kadi kwa raha zake. Mtego mwingine ni hiyo BMP280 yenyewe, ina chujio la ndani la kulainisha vipimo, na mifano mingi ya programu inaliwasha mpaka mwisho. Kwa kituo cha hali ya hewa ni safi, kwa roketi linafanya sensa iwe inakumbuka ya jana, kilele kinatokea kwa kuchelewa na kimenyolewa kichwa.

Sasa fungua grafu ya ule mruko wetu, urefu kwa wima, muda kwa mlalo. Sekunde karibu 2 za mwanzo mstari unajikunja kwenda juu, hapo injini inasukuma. Moto unaisha kama sekunde 1.9 roketi ikiwa mita 56 tu, haijafika hata theluthi. Kilichobaki chote roketi inapanda kwa kasi iliyonayo bila injini, mstari unaendelea kupanda huku ukilala kidogokidogo mpaka kilele sekunde ya 6.6. Watoto wanashangaa sana hapo, wanadhani roketi inapanda kwa moto, kumbe zaidi ya nusu ya safari moto ulishazimika.

Baada ya kilele mstari unaanza kushuka, halafu sekunde ya 7.6 kuna kitu cha ajabu, vipimo viwili vinazama mita 20 ghafla kisha vinarudi. Roketi haiwezi kuanguka mita 20 na kurudi ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Hiyo ni baruti ya parashuti, gesi yake ilivuja kidogo mpaka kwenye chumba cha altimita, presha ikapanda, sensa ikaona presha kubwa ikasema tumeshuka. Wengine wanakifuta hicho kijino kwa sababu kinaharibu sura ya grafu, mimi nakitafuta kwa hamu, maana kinanipa saa kamili ya baruti kulipuka. Injini iliandikwa kusubiri sekunde 5. Kutoka moto kuisha, 1.9, mpaka 7.6 ni sekunde 5.7. Kwa hiyo ilichelewa, roketi ilishapita kilele kwa sekunde nzima na ilikuwa inaanguka karibu mita 10 kwa sekunde parashuti ilipotoka. Kwa kasi hiyo haina shida. Ingechelewa sekunde mbili tatu zaidi, kamba inavutwa kwa nguvu inachana mwili wa karatasi kutoka juu kwenda chini kama zipu, nimeshazika moja hivyo.

Kutoka hapo ni mstari wa kushuka, mnyoofu kabisa, mita 4 hivi kila sekunde, hiyo ndo kasi ya parashuti na ni nzuri, roketi ya karatasi ikitua kwa 4 mapezi hayavunjiki. Isipokuwa karibu na mita 90 mstari umelala sekunde nne nzima, haushuki haupandi, kisha unaendelea. Nilihangaika nayo nikidhani ni kosa la sensa mpaka nikaona altimita zote mbili zimelala palepale. Ni hewa ya moto iliyokuwa inapanda kutoka kwenye ardhi, ikabeba roketi na parashuti yake ikaishikilia. Mwewe wa eneo lile wanaijua vizuri.

Tukija kwenye kasi ndo wengi wanapigwa. Kasi ni urefu uliobadilika gawanya kwa muda, sa si uchukue tu kipimo hiki utoe kile cha nyuma ugawanye? Jaribu uone. Kila kipimo cha sensa kinatikisika kidogo, sema sentimita 30 huku na huku. Muda kati ya kipimo na kipimo ni sekunde 0.05. Sentimita 30 gawanya kwa 0.05 ni mita 6 kwa sekunde. Yaani roketi ikiwa imelala mezani kasi yake kwenye grafu inaruka juu chini kama mita 6 kwa sekunde, inaonekana kama inatetemeka homa. Ukienda kutafuta mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde, kwa njia hiyohiyo, kutoa na kugawanya mara ya pili, unapata takataka tupu.

Dawa ni kutumia vipimo vingi kwa pamoja. Badala ya viwili unachukua kama tisa au kumi na moja, unapitisha mkunjo mmoja laini katikati yake, unasoma mteremko wa mkunjo. Programu yoyote ya lahajedwali inaweza. Ila kila unavyolainisha ndivyo unavyokata vilele, ukichukua vipimo vingi sana ile sekunde 1.9 ya injini inakuwa kilima cha duara na kasi kubwa inashuka kuliko ilivyokuwa. Hakuna namba ya uchawi, unajaribu unaangalia kwa macho. Kwenye kilele hasa mimi napitisha mkunjo mmoja wa parabola, ule wa jiwe lililorushwa, kwa vipimo vya sekunde moja kila upande, baruti nimeiacha nje, na jibu linatoka safi kuliko kuchukua kipimo kikubwa kuliko vyote, maana kipimo kikubwa kuliko vyote kwa kawaida ndo kile kilichotikisika kwenda juu.

Njia nyingine ni kuweka sensa ya mchapuko. Hii nayo ina vituko vyake na ndo inachanganya watu kuliko zote. Ikiwa imesimama pedini haisogei, inasoma g 1, na g moja ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Ikiwa hewani injini imezima inapanda kwa kasi, inasoma chini ya sifuri. Kwenye kilele inasoma karibu sifuri, na ikianguka bila parashuti mwanzoni bado karibu sifuri. Kwa nini? Kwa sababu sensa haihisi mvutano wa dunia, inahisi tu vitu vinavyoisukuma. Pedini pedi inaisukuma kwenda juu. Injini ikiwaka inaisukuma zaidi, ile C6 inafika karibu newton 14 mwanzoni kabla haijatulia, kwa gramu 108 ni g 13. Injini ikizima kinachobaki kuisukuma ni upepo tu wa mbele unaoirudisha nyuma. Kwa hiyo usije ukamwambia mtu kwamba sensa ya mchapuko imeona kilele, haiwezi, ikiwa inaelea haijui juu wala chini.

Nilivyoweka MPU6050, ambayo ni sensa ya mchapuko, mara ya kwanza grafu ilitoka na kichwa bapa kama meza, g 2, g 2, g 2, mpaka moto ukaisha. Nikadhani injini mbovu. Kumbe hiyo sensa ukiiwasha bila kuiambia kitu inaanza kwenye kipimo cha g 2, chochote juu ya hapo inagonga dari. Ina uwezo wa mpaka 16, ni mstari mmoja tu wa programu. Miruko miwili ilienda hivihivi.

Ukishakuwa nayo sawasawa, unatoa ile g 1 ya mvutano, unajumlisha vipimo kidogokidogo unapata kasi, nami nilipata mita 59 kwa sekunde pale moto ulipoisha, kama kilomita 212 kwa saa. Ukijumlisha kasi unapata urefu, ila hapo kosa linakua. Sensa ikikosea mita 0.1 tu kwa sekunde kwa sekunde, baada ya sekunde 10 kasi imekosea mita 1 kwa sekunde na urefu umekosea mita 5, na hapo hatujahesabu roketi iliyoinama na upepo, maana sensa inajumlisha safari kufuata mwili wa roketi hata kama mwili umelala. Ndo maana wanaojua wanachanganya zote mbili, mchapuko kwa sekunde za mwanzo, presha kwa kilichobaki, na ile hesabu ya kuchanganya inaitwa chujio la Kalman, altimita za bei mbaya zinaifanya zikiwa hewani.

Kuna zawadi moja nzuri kwenye sehemu ya kupanda bila injini. Sekunde moto ulipozima sensa yetu ilisoma minus 0.93 g. Hiyo ni upepo peke yake. Gramu 97 zilizobaki, yaani kilo 0.097, mara 9.1 (ndo 0.93 mara 9.8), ni newton 0.88. Unajua kasi, 59. Unajua uzito wa hewa pale, kama kilo 0.95 kwa mita ya ujazo. Unajua unene wa roketi. Ukizigawanya unapata namba ya ukinzani wa roketi yako, yetu imetoka 0.6 hivi. Programu za kubuni roketi zinakupa namba hiyo kwa kukisia, hapa umeipima mwenyewe kwa roketi yako yenye gundi yako iliyomwagika kwenye mapezi. Mwanangu aliyapiga msasa yale mapezi wiki nzima na sasa anadai ishuke mpaka 0.5, tutaona.

Matundu karibu nisahau na ndo yanaharibu data nyingi kuliko sensa. Chumba cha altimita lazima kipumue, hewa ya ndani ilingane na ya nje. Tundu likiwa dogo sana hewa inachelewa kutoka, kilele kinasomeka chini na kwa kuchelewa. Likiwa moja tu na kubwa, upepo wa kasi unacheza nalo. Na huo upepo si wa mchezo, kwa mita 59 kwa sekunde presha ya upepo puani mwa roketi ni kama hPa 16.5, na ukikumbuka safari yetu nzima ilikuwa hPa 17 utaelewa. Asilimia 5 tu ya hiyo ikipenya ndani ni mita 9 za uongo. Roketi yangu ya kwanza nilitoboa tundu moja karibu kabisa na mwanzo wa pua, hewa ikipita pale inanyonya, altimita ikaruka juu na kasi ilivyopungua ikarudi, grafu ina nundu kama ngamia. Sasa hivi natoboa matatu ya milimita 2 kwa kulizunguka bomba kwa nafasi sawa, mbali na pua, na nasafisha kingo na msasa, upepo ukisukuma upande mmoja unanyonya mwingine.

Na yule mzee wa digrii 61? Yeye ndo alikuwa karibu na ukweli kuliko mashine zote mbili. Ila kipimo chake cha mkono kinaweza kukosea digrii 2 bila yeye kujua, na kwa digrii 59 angesema mita 166, kwa 63 angesema 196. Nilimpelekea hesabu zote wiki iliyofuata. Akazisoma taratibu, akakunja karatasi akaiweka mfukoni, akasema yeye hana haja ya kubadilisha betri.

Huhitaji injini kuanza kujifunza haya. Chukua BMP280 na Arduino, ingia kwenye lifti ya jengo lolote refu, panda shuka huku inaandika, kila kituo kitaonekana kama ngazi na mlango ukifunguka utaona kijino kidogo. Ukitaka kuona mruko bila roketi, iweke kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, toboa mrija, nyonya hewa taratibu kisha achia, grafu inatoka kama mruko kamili. Na kama upo Dar siku ya kawaida isiyo na mvua, iwashe saa nne asubuhi iache mezani usiiguse mpaka saa kumi jioni. Presha ya hewa maeneo yetu ya tropiki inapanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya bahari, juu kabisa saa nne, chini kabisa saa kumi, tofauti ya hPa 2 au 3. Utaikuta imeandika kwamba meza yako imepanda mita 20 na ushee.